Majani Anayotudai Mzee wa Makoti

Siku ile tulikuwa watano kwenye kibanda. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani yangu, jaketi la mteja likiwa mapajani. Mdogo wetu Prossy alikuwa amesimama katikati, mikono ameinyoosha kama mtu anayepekuliwa na polisi. Denis, anayenifuata mimi, alikuwa nje ameketi juu ya bodaboda yake, anakula mandazi. Mama Achieng, Mkenya anayeuza chai na mandazi katika ujia wetu wa sokoni, alikuwa ameziweka chini chupa zake za chai ili aone vizuri. Wa tano alikuwa mwenye kibanda, Mzee wa Makoti, na ndiye aliyekuwa akitoa amri.

"Geuka," alimwambia Prossy. "Inama. Sasa panda basi."

"Basi gani, Jjajja?" Prossy alimwita hivyo, babu kwa Kiganda.

"Hii hapa mbele yako. Panda!"

Prossy akainua mguu, akapanda basi ambalo halikuwepo. Mzee akatazama jinsi pindo la koti lilivyofuata goti. Akaridhika.

Koti lenyewe lilikuwa la rangi ya maini, refu, limejazwa manyoya ya bata, na bitana yake haikuwa na hata uzi uliochomoka. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya kibanda kwa miaka. Madereva wa bodaboda walikuwa wakilibembeleza kila msimu wa mvua, naye jibu lake lilikuwa moja: "Hii iko na mwenyewe, bado hajafika." Sasa mwenyewe alikuwa amefika. Prossy alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Finland, na ada yote imelipwa na wafadhili. Sisi tulichotakiwa ni kumfikisha akiwa mzima na kumvika.

"Mzee, tukulipe nini?" nikauliza.

Alifunga zipu ya koti hadi kidevuni mwa Prossy. "Mutanilipa majani."

"Majani tu?"

"Majani tu. Lakini musinisahau."

Jumatatu iliyofuata nilimletea pakiti ya majani ya chai, ile kubwa. Aliishika, akainusa. "Asante, Yaya," akasema. "Na mengine yatakuja?"

"Kila mwisho wa mwezi, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Sikujua anacheka nini.

Nilimfahamu Mzee kwa miaka tisa pale Nakivubo, Kampala. Sijui alizaliwa kijiji gani huko Kivu, Kongo, wala ukoo wake. Nilikuja katika ujia ule na cherehani ya kuazima, nikaomba kona ya kibanda chake, kwa kuwa anayeuza makoti ya mitumba anahitaji fundi wa zipu karibu. Alinikubalia kwa neno moja tu, nalo likaniudhi.

"Kaa hapo, yaya."

Mimi nilikulia katika kambi ya polisi, ambako baba alikuwa askari, na Kiswahili nilikijua huko. Kambini yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu. "Mimi si yaya wa mtu," nikamwambia.

"Huna wadogo?"

"Ninao wawili."

"Nani anawapikia?"

"Mimi."

"Nani analipa shule yao?"

"Mimi."

"Basi weye ni yaya. Kwetu yaya ni mkubwa wa nyumba. Hata kama iko na miaka kumi."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mama alipokufa, baba naye akamfuata kabla mwaka haujaisha. Niliacha shule darasa la sita. Watu wengi walinipa pole wakati ule, lakini hakuna aliyekuwa amenipa cheo. Nikakaa pale konani, na sikukataa tena kuitwa Yaya.

Alikuwa na namna yake ya kujua koti. Robota la mitumba lilipofunguliwa, wauzaji wengine walikimbilia rangi. Yeye alifumba macho. Alipitisha kidole gumba ndani ya kola, akasikiliza zipu ikipanda na kushuka, akabinya kwapa. Kisha akasema, "Hii ilivaliwa na mtu wa gari," au, "Hii ilitembea kwa miguu." Mtu wa gari huchakaza mgongo, anayetembea huchakaza mifuko kwa kuficha mikono. Sikumwona akikosea.

Mifukoni mwa makoti alitoa vitu ambavyo wenyewe walisahau: tiketi za basi, risiti, pipi zilizogandamana, vifungo. Aliviweka katika mkebe wa biskuti. Kulikuwa humo na jani moja kavu, la kahawia, lenye ncha tano. Denis aliwahi kulishika, Mzee akamkemea kama aliyeshika yai.

"Jani tu, Mzee!"

"Iliokotwa na mtu, ikawekwa mfukoni. Njo maana iko na kazi. Rudisha."

Madereva wa bodaboda walikuwa wateja wake wakubwa na maadui zake wakubwa. Anayeendesha pikipiki Kampala huvaa koti nyuma mbele, zipu mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Mzee hakuweza kulivumilia jambo hilo.

"Koti iko na mgongo na iko na tumbo! Unaweza kuvaa suruali bile, zipu nyuma?"

"Ssebo, upepo unatoka mbele," Denis alimjibu, naye alivaa hivyo hivyo. "Ukitoka nyuma nitageuza."

"Upepo si baridi. Weye unajua upepo tu."

Hilo alilisema mara nyingi, na sisi tuliona ni kiburi cha aliyesafiri. Maana alikuwa amesafiri. Ujia mzima ulijua kwamba ujanani alisoma Ubelgiji miaka mitatu. Alilitaja jambo hilo kwa wateja, kwa askari wa jiji, kwa mhubiri aliyepita na kipaza sauti. "Miye nilikaa Ulaya miaka tatu, ninajua koti." Tulimwita Profesa alipotukasirisha.

Lakini yeye mwenyewe hakuvaa koti. Mvua inyeshe, mfereji wa Nakivubo ufurike, sote tutetemeke, yeye alibaki na shati la mikono mifupi. Nilimuuliza siku moja sababu. Akasema, "Minauza. Mwenye kuuza majeneza analala ndani?" Mama Achieng akamwambia ashindwe.

Kwa wiki sita kabla ya safari alimfundisha Prossy kila Jumamosi. Alimfundisha kuvaa kama kabichi, nyembamba juu ya nyembamba, asitegemee nguo moja nzito. Alimfundisha kukausha viatu kwa gazeti. Mengine yalikuwa ya ajabu, nami niliyasikiliza huku nikishona. "Asubuhi fungua pazia hata kama hakuna kitu cha kuona. Saa sita toka nje, kasalimie jua hata kama haliitikii. Jumapili usikae peke yako. Ukipika, piga sufuria kelele."

"Kwa nini kelele, Jjajja?"

"Ile nyumba ziko kimya sana."

Nyumbani kwetu Bwaise tulilitundika koti kwenye msumari wa juu kabisa, karibu na mabati, kwa sababu ya maji ya mafuriko. Usiku mmoja yaliingia, yakabeba kandambili na ndoo. Koti halikuguswa. Prossy aliondoka nalo mwishoni mwa Agosti akiwa amelibeba mkononi, jasho likimtoka. Upande wa ndani nilikuwa nimemshonea mfuko mdogo wa pasipoti.

Picha yake ya kwanza ya baridi ilifika Oktoba. Amesimama kituo cha basi, anatabasamu, koti amelivaa nyuma mbele, zipu mgongoni.

"Banange!" Denis akashangilia. "Mimi ndiye nilimwambia!"

Mzee aliileta simu mpaka puani, akaitazama, akaketi juu ya robota. "Yaya," akasema, "mwambie ageuze koti kabla wazungu hawajaandika gazetini."

Tulicheka wiki nzima. Niliamini kwamba kama makosa ya Prossy ni ya aina hiyo, tumeshinda.

Mwezi wa Desemba ulipoingia, simu za Prossy zilianza kuwa fupi. Kisha alasiri moja, saa kumi na nusu, akanipigia. Jua lilikuwa linawaka mpaka meno ya zipu mezani yalikuwa yananichoma vidole. Niliweka simu kwenye sauti kubwa ili niendelee kushona.

"Dada, nataka kurudi."

Mguu wangu ukaacha kanyagio. "Kurudi wapi?"

"Nyumbani. Sijaenda darasani wiki mbili. Wameniandikia. Wamesema nikiendelea hivi nafasi itachukuliwa."

Nami, badala ya kumuuliza kitu cha maana, nikasema, "Vaa koti."

"Dada, koti ni zuri. Sisikii baridi. Ni giza. Naamka giza, natoka darasani giza. Nimefungua pazia kama Jjajja alivyosema. Hakuna kitu. Sasa nalala tu."

Nilijua ninachopaswa kusema. Kwamba niliacha shule ili yeye asiache. Kwamba akipanda ndege ya kurudi, mlango ule hautafunguliwa tena, na yeye atakuja kukaa nami nyuma ya cherehani. Yote nilikuwa nayo mdomoni, na kila neno lilikuwa kweli, na niliona kwamba kila neno lingekuwa mzigo mwingine juu ya mtu ambaye tayari haamki kitandani.

Mzee aliweka chini jaketi alilokuwa akimwonyesha mteja. "Nipe simu."

"Jjajja," Prossy akasema, akaanza kulia.

"Lia tu. Iko saa ngapi kwako?"

"Saa tisa na nusu."

"Ya mchana?"

"Ya mchana. Lakini nje ni usiku."

"Dirishani unaona nini?"

"Kuna taa ya barabarani. Na mti."

"Mti iko namna gani?"

"Umekufa."

Mzee akasogeza simu karibu na mdomo. Mteja, dereva wa bodaboda, alisimama na mkono mmoja ndani ya jaketi. Mama Achieng alikuwa anamimina chai, akaacha. Katika ujia wetu hakuna siri, sote tulikuwa tunasikia.

"Prossy, sikiliza. Miye sikukaa Ubelgiji miaka tatu. Nilikaa miezi tano."

Hakuna aliyecheka.

"Miezi tano tu. Nililala bile unalala sasa. Februari nikauza vitabu, nikapata tiketi, nikakimbia. Nilifika nyumbani mama akaniuliza, kule kukoje? Nikamwambia, mama, kule hata miti inakufa, mutu atapona namna gani? Nilimwambia bile, na nilikuwa naamini."

"Mti huu pia umekufa, Jjajja."

"Haikufa! Iko inalala. Wenzangu waliobaki waliniandikia barua: majani imetoka, imejaa, hatuoni tena nyumba ya jirani. Wiki kumi, Prossy. Ningengoja wiki kumi tu. Leo niko mzee na sijaiona. Njo maana nilisema munilipe majani."

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Majani? Mzee, si nimekuletea kila mwezi?"

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini mdomo ulikuwa unataka kucheka. "Majani ya mti, Yaya. Ya kule. Ayaone, aniletee. Weye ukaniletea chai."

"Na mbona hukusema?"

"Ulileta kwa heshima sana."

"Ai!" Mama Achieng akapiga makofi. "Kwani hujui? Huyu hanywi chai, yeye ni wa kahawa! Hayo majani ananipa mimi. Chai unayokunywa hapa kila asubuhi, wewe mama, unafikiri ni ya nani?"

Kwa miezi minne nilikuwa nanunua chai yangu mwenyewe, kikombe kwa kikombe. Dereva wa bodaboda akaangua kicheko. Na ndani ya simu kulikuwa na sauti ambayo nilidhani ni kilio kimezidi, kumbe Prossy anacheka. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu Oktoba.

Mzee hakumwacha apoe. "Kesho saa sita, kukiwa na mwanga ule kidogo, vaa koti. Zipu mbele! Toka, nenda mpaka kwa mti, piga picha, tuma kwa Yaya. Kesho kutwa bile bile. Deni ni yako, lazima uangalie shamba."

Picha ya kwanza ilikuja siku iliyofuata. Mti mweusi, theluji chini, anga la rangi ya maji ya kufulia. Mzee aliisogeza simu puani.

"Bado," akasema.

Kesho yake, "Bado." Ikawa kazi ya ujia mzima. Picha ilifika saa saba yetu, wakati wa chakula, na kabla sijaifungua watu walikuwa wananiuliza. Mama Achieng alisema mti wetu hauna maisha, tumtumie msichana shoka. Denis alipita na abiria nyuma yake, akapunguza mwendo tu ili apige kelele, "Mzee, leo?" Na Mzee, bila kuinua kichwa, "Bado!"

Prossy alinieleza baadaye kilichotokea. Mti ulikuwa karibu na kituo cha basi la chuoni. Akishafika pale, amevaa, amefunga viatu, aliona aibu kurudi kulala. Siku ya tatu alipanda basi. Mwalimu wake alimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi, akapewa taa maalumu ya kuwasha asubuhi na watu wa kula nao Jumapili. Hakukimbia tena darasa. Siku moja tu hakutuma picha, na Mzee alikataa kula mpaka nilipompigia Prossy. Alikuwa na mtihani.

Nilikuwa nahofia kwamba watu wangemcheka Mzee kwa ile miaka mitatu iliyogeuka miezi mitano. Jambo hilo lilitajwa mara moja. "Profesa, kumbe miezi mitano!" mchukuzi mmoja alimwambia. Mzee akajibu, "Tano iko mingi kuliko yako," na mchukuzi akakubali. Ila kuanzia siku ile hakuwaambia tena wateja habari za Ubelgiji. Siku ya baridi ya Aprili nilimwona amevaa sweta. Sikumuuliza.

Jambo moja nililiona na kulipuuza. Kila wiki simu ilizidi kusogea karibu na pua yake. Kufikia Aprili alikuwa anaigusa na kope. Halafu akaacha kuja Nakivubo, akaniachia kibanda na funguo.

Picha yenyewe ilifika katikati ya Mei. Sikuwaonyesha watu wa ujiani. Nilifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya, Denis akanipeleka Kasubi, ambako Mzee amepanga chumba. Tulimkuta ameketi nje mlangoni na shati lake la mikono mifupi, anashona kifungo cha koti kwa kupapasa.

"Nani?"

"Ni mimi, Mzee. Yametoka."

Aliweka sindano kifuani mwa shati. Alichukua simu, akaifuta kwa paja, akaisogeza, akaigeuza kwenye jua, akaisogeza tena. Kisha akanirudishia. "Niambie."

Nikamwambia. Kwamba ni madogo, kama masikio ya panya. Kwamba yamejikunja bado, na kijani chake ni kile cha mche wa mgomba unapochomoza, kabla jua halijaukausha. Kwamba nyumba ya jirani bado inaonekana, lakini dirisha moja tayari limefichwa. Prossy yuko chini ya mti, bila koti.

"Bila koti?"

"Amelibeba mkononi."

Alitikisa kichwa polepole, akiridhika. Denis akajikohoza. "Basi Mzee, deni limekwisha."

"Limekwisha namna gani? Hii ni picha. Nilisema picha?" Alisugua kidole gumba juu ya cha shahada, kama anayepima bitana. "Minataka kushika."

Nilimuuliza habari za macho. Daktari alikuwa amemwambia ni mtoto wa jicho, huondolewa, na siku ya kwenda amepangiwa. Alikuwa anafikiria kutokwenda. Alisema hospitali zina baridi.

"Utavaa koti," nikamwambia. "Zipu mbele. Denis atakupeleka, mimi nitakungoja nje."

Hakubishana, na hilo kwake ni kukubali. "Prossy anakuja lini?"

"Mwaka ujao, mwezi wa saba, akimaliza mwaka wa pili."

"Kwa hiyo iko baridi nyingine hapo katikati."

"Ipo."

"Ataimaliza?"

"Ataimaliza, Mzee. Amesema kuna msichana mpya anakuja kutoka Mbale, ameshaanza kumwandikia avae kama kabichi."

"Basi na miye nitaimaliza." Alichukua tena koti na kupapasa kifungo chake. "Jani moja inatosha. Lakini asiokote chini. Ya kuokota ninayo mkebeni. Achume."

"Na chai, Mzee?"

"Chai endelea kumpa Mama Achieng. Yule atakufa njaa."

Jioni ile nilimwandikia Prossy kwamba mfuko niliomshonea wa pasipoti asiujaze vitu vingine. Ameniuliza jani litafikaje likiwa bichi. Nimemwambia sijui, atafute njia, ana mwaka mzima wa kufikiri. Kibanda nakifungua mimi kila asubuhi. Makoti nayapima nikiwa nimefumba macho, bado nakosea. Na watu wa ujiani wakipita wakiniuliza kama yule Profesa tumeshamlipa, nawajibu kwa neno lake: "Bado."